Kukausha Kwanza, Kuchaji Baadaye: Vifaa vya Kusikia Kitale na Bungoma

Mvua inaposhika Trans Nzoia, kuanzia mwisho wa Machi hivi, malalamiko kuhusu vifaa vya kusikia huongezeka. Kimoja kinakwaruza. Kingine kinafanya kazi asubuhi, kisha kinazima saa sita mchana. Kingine kinatoa sauti hafifu hata mtoto anaacha kuitika akiitwa kwa nyuma. Mzazi huamua kwamba betri imechoka au kifaa kimeharibika, naye hukifungia kabatini kungoja siku ya kupata nauli ya Eldoret. Mara nyingi kilichokizima si uzee wala kuanguka. Ni maji. Pamoja na nta ya sikio, unyevu ni miongoni mwa sababu kuu zinazozima vifaa hivi popote duniani, na huku chini ya Mlima Elgon kuna mvua karibu miezi minane ya mwaka.

Vifaa vingi vinavyouzwa sasa ni vya kuchaji: betri ya lithiamu imefungiwa ndani, na kifaa hulazwa kwenye chaja usiku kama tufanyavyo na simu. Wauzaji huvisifu kwamba havina usumbufu wa kununua betri kila wiki. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini je, vinafaa katika nyumba ya Endebess au Kapsokwony, penye ukungu, jasho na stima isiyotabirika? Naamini vinafaa, kwa sharti moja ambalo halitajwi sana dukani: kukausha kupewe muda wake kila usiku, na kutangulie kuchaji.

Kwanza tutofautishe maji yenyewe, kwa sababu miji hii miwili haina tatizo moja. Barabara inayotoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye huteremka mita mia kadhaa, na katika mteremko huo aina ya unyevu hubadilika.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12, na mtoto hutoka kwenda shule hewa ingali baridi. Ndani ya sikio lake kuna joto la mwili, karibu nyuzi 37, na hewa iliyojaa mvuke. Mvuke huo hupenya kwenye kalibu, yaani ile plastiki au silikoni iliyofinyangwa kwa umbo la sikio la mwenyewe, kisha hupanda ndani ya mrija laini unaoiunganisha kalibu na kifaa kilichokaa nyuma ya sikio. Mrija uko nje, kwenye baridi. Mvuke ukikutana na ukuta baridi hugeuka matone, na kwa kuwa uwazi wa mrija ni karibu milimita mbili tu, tone moja linatosha kukata sauti yote. Mtoto hakunyeshewa na kifaa hakikuanguka mtoni, lakini anaingia darasani haisikii hesabu ya kwanza. Mwalimu asiyejua jambo hili atasema mtoto hasikilizi.

Dawa ya hali hiyo haihitaji fundi. Kalibu na mrija wake huchomolewa kwenye kifaa, tone linapulizwa nje kwa kipulizio kidogo cha mpira, kisha vinarudishwa. Kazi ya dakika moja. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwa kuwa pumzi yenyewe ina mvuke. Kwa mtoto ambaye mrija wake hujaa matone kila siku, kuna mirija yenye ukuta mnene ambayo haipoi upesi, na mingine iliyotengenezwa kwa plastiki inayopunguza matone. Mtaalamu wa usikivu akiambiwa kwamba mtoto anaishi Kitale na si Lodwar penye joto kavu, ana sababu nzuri ya kumwekea mrija wa aina hiyo tangu mwanzo.

Bungoma iko chini zaidi, karibu mita 1,400. Mchana kuna joto, na mvua ya mwaka ni nyingi kuliko ya Kitale. Hapa adui mkubwa ni jasho. Mkata miwa wa Nzoia, mama anayebeba ndizi kwenda soko la Chwele, kijana wa bodaboda mwenye helmeti kutwa nzima: wote hutiririkwa na jasho nyuma ya sikio, mahali hasa ambapo kifaa kimekaa, na mara nyingi jasho limechanganyika na mafuta ya nywele. Jasho lina chumvi. Maji yakishakauka chumvi hubaki kwenye vitundu vya maikrofoni na kwenye vile vibati vidogo vinavyogusana na chaja. Chumvi hiyo huvuta unyevu tena kutoka hewani, na vibati huota kutu ya kijani. Siku moja kifaa kinalazwa kwenye chaja, taa haiwaki, na mwenyewe anadhani betri imekufa.

Kwa hiyo mtu wa Bungoma anahitaji kukipangusa kifaa chake kila jioni kwa kitambaa laini kikavu, na kuvisafisha vibati vya chaja kwa pamba kavu, kabla hajafikiria kopo la kukaushia. Ukikausha kifaa chenye chumvi umeondoa maji na kuacha sumu yake. Kitambaa chembamba au mfuko mdogo wa nguo unaovishwa kifaa wakati wa kazi za shambani nao husaidia, na fundi cherehani yeyote anaweza kuushona.

Hapa hujitokeza hoja ya wauzaji: kifaa kimeandikwa IP68, basi hakiingii maji. Alama hiyo ni ya kweli, na ina mipaka yake. Tarakimu ya 6 inahusu vumbi. Tarakimu ya 8 inahusu kuzamishwa majini kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe ameutaja, kifaa kikiwa kipya, katika maji yasiyo na chumvi. Haisemi lolote kuhusu miaka mitatu ya jasho, wala mvuke wa sufuria ya ugali, wala kifaa ambacho mpira wake wa kuzuia maji umeanza kulegea. Tena maikrofoni na spika lazima ziwe na matundu, la sivyo sauti isingepita, na palipo na tundu mvuke hupata njia.

Sasa tufike kwenye usiku, kwa maana hapo ndipo kifaa cha kuchaji kilipobadilisha mambo. Kile cha zamani, kinachotumia betri ndogo za zinki na hewa, kilikuwa na utaratibu rahisi: kabla ya kulala unatoa betri, unaacha kijumba chake wazi, unakiweka kifaa ndani ya kopo lenye kikaushi, na kinakauka mpaka alfajiri. Kifaa cha kuchaji hakifunguki. Usiku mmoja sasa una kazi mbili, kuchaji na kukausha, na kwa kuwa kifaa kisichochajiwa hakisikiki kesho yake, kukausha ndiko kunakoachwa. Chaja chache zina nafasi ya kuweka kikaushi. Nyingine ni vijumba vyenye kifuniko ambamo unyevu hufungiwa pamoja na kifaa. Isitoshe, vifaa vingi vya aina hii hujiwasha vyenyewe vikitolewa kwenye chaja. Mtu akikihamishia kwenye kopo bila kukizima, kitatumia chaji usiku kucha.

Mpango unaowezekana katika nyumba ya kawaida ni huu. Kuchaji kikamilifu huchukua saa tatu au nne hivi. Mtoto akilala saa mbili usiku, kifaa kinazimwa, kinapanguswa, kinaingia kwenye kopo la kikaushi. Mzazi anapokwenda kulala saa nne anakihamishia kwenye chaja, na kinakuwa tayari muda mrefu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kukianzia kwenye kopo kuna faida ya pili: chaja haipokei kifaa chenye maji, na betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa na unyevu. Saa mbili hazitoshi kuondoa kila kitu, kwa hiyo mara moja kwa wiki, na zaidi msimu wa mvua, kifaa kikaushwe na kuchajiwa mapema jioni, kisha kilale koponi usiku mzima kikiwa kimezimwa. Chaji haitapungua kiasi cha kumnyima mtoto siku yake.

Kopo lenyewe si lazima litoke ng'ambo. Chupa ya jemu yenye kifuniko kinachokaza inatosha, mradi ndani yake kuna silika, zile chembe zinazokuja katika vipakiti vilivyoandikwa zisiliwe. Chembe za silika zina vitundu visivyohesabika, na zinaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wao. Zikishashiba hazifanyi kazi tena. Hapo ndipo watu hukosea: kipakiti kilichotoka kwenye boksi la viatu kilichokaa wazi dukani kwa wiki kadhaa kimekwisha kunywa hewa ya Bungoma yote kinachoweza. Silika yenye rangi huondoa shaka. Ya buluu hugeuka waridi ikishiba, na ya machungwa hugeuka kijani. Nyingi hurudishiwa nguvu kwa kupashwa joto la nyuzi 120 hivi kwa saa moja au mbili, kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji. Zile za buluu zina kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo zisikaribie sufuria ya chakula wala mkono wa mtoto. Maabara za kemia huwa na tanuri za kukaushia. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma, na Kitale ina chuo chake cha kitaifa cha ufundi. Sioni kwa nini shule zenye watoto hawa zisiombe kukaushiwa silika yao huko mara moja kwa mwezi.

Mkulima wa Trans Nzoia haihitaji hotuba juu ya kukausha. Anajua kwamba mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 yatakataliwa na Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, na wengi wanajua kupima kwa kutia punje na chumvi kavu ndani ya chupa, kutikisa, na kutazama kama chumvi imeng'ang'ania kioo. Kanuni ndiyo ileile: chombo kifunge kabisa, na kinachonyonya unyevu kiwe kikavu kuliko kinachonyonywa. Tofauti iko kwenye joto. Mahindi huanikwa juani. Kifaa cha kusikia hakianikwi. Jua kali la Januari, dashibodi ya matatu, ukingo wa jiko, mashine ya kukaushia nywele na maikrowevu vyote huharibu betri ya lithiamu au hupindisha plastiki. Mchele nao haunyonyi vya kutosha, na vumbi lake huziba matundu. Mwaka 2024 hata kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake wasitie simu zilizolowa ndani ya mchele. Kifaa kikitumbukia mtoni, kizimwe, kipanguswe, kisiwekwe kwenye chaja, na kilale ndani ya kopo la silika siku nzima au zaidi kabla ya kujaribiwa.

Kalibu ina sheria zake. Yenyewe huoshwa, kifaa hakioshwi kamwe. Huchomolewa pamoja na mrija, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, hupulizwa mpaka ndani ya mrija kusibaki tone, na huachwa ikauke kabla ya kurudishwa. Spiriti haifai, kwa kuwa hukausha na kupasua kalibu. Wenye vifaa viwili waoshe kalibu moja kwanza ili ya kulia isiishie kushoto. Mrija ukigeuka njano na kukakamaa, sauti hupungua na kalibu huanza kuumiza. Kwa kawaida unastahili kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na jasho la Bungoma huufikisha huko mapema. Kalibu ya mtoto nayo hupitwa na sikio linalokua. Ule mluzi unaowaudhi walimu mara nyingi ni sauti inayovuja kwenye nafasi kati ya kalibu na sikio, ikirudi kwenye maikrofoni. Kupunguza sauti ya kifaa ili mluzi unyamaze ni kumnyima mtoto kile alichopewa.

Kuna jambo jingine ambalo ni la kitabibu, wala sitaki lipite. Watoto wengi katika sehemu zetu hutokwa usaha masikioni kwa miezi, na familia huzoea. Sikio linalotoa usaha likizibwa na kalibu hubaki na joto na unyevu, na ugonjwa hupata mahali pazuri pa kukaa. Sikio hilo liende hospitali, kalibu ioshwe, na kifaa kipumzike upande huo mpaka daktari aseme. Kalibu isiazimwe, hata kati ya ndugu wa tumbo moja.

Stima nayo. Mvua inayoleta unyevu ndiyo hiyohiyo inayokata umeme, na radi za Magharibi zinajulikana. Chaja ichomolewe ukutani radi zinapoanza. Habari njema ni kwamba chaja nyingi hutumia waya wa aina ya simu na umeme mdogo wa volti tano, kwa hiyo pawabanki au sola ndogo ya nyumbani, ambayo sasa iko katika maboma mengi ya Mlima Elgon, inaweza kuzichaji. Wazo la jua si geni barani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kijiji cha Otse nchini Botswana, wafanyakazi viziwi walikuwa wakitengeneza chaja za sola za betri za vifaa vya kusikia, mradi uliojulikana baadaye kama Solar Ear.

Je, mtu wa kijijini achague cha kuchaji au cha betri ndogo? Cha betri ndogo kina faida ya kufunguka na kukauka vizuri, lakini betri zake hudumu siku chache au wiki kadhaa, hazipatikani kila mji, na zikimezwa na mtoto zinaweza kumchoma umio. Cha kuchaji hakina gharama ya kila wiki wala hatari hiyo, ila betri yake ikichoka, baada ya miaka minne au mitano hivi, lazima kirudi kwa mtengenezaji. Kwa mtoto mdogo ningechagua cha kuchaji. Kwa mzee anayeishi peke yake mbali na umeme, ambaye mjukuu humletea betri kutoka mjini, ningemwachia alichokizoea. Kumbadilishia kwa sababu tu kipya kimekuja si huduma.

Tatizo kubwa zaidi liko katika jinsi vifaa vinavyotolewa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kuu ya usikivu ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na kwamba kati ya wote ambao kifaa kingewafaa, asilimia 17 tu ndio wanaokitumia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Lakini hesabu hufanywa kwa idadi ya vifaa vilivyogawiwa. Hakuna anayehesabu vingapi vinasikika Novemba ifuatayo. Mtu hupewa kifaa, hupigwa picha, hurudi Saboti na boksi lisilo na kopo la kukaushia, kipulizio wala mrija wa akiba. Haki ya kifaa kisichosikika ni haki ya karatasi.

Magharibi si jangwa katika elimu ya viziwi. Shule ya Mumias na ile ya Nyang'oma zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, ilifuata Nairobi mwaka 1986. Walimu wamefundishwa. Lakini kutengeneza kalibu mpya bado mara nyingi kunamaanisha sampuli ya sikio kusafiri mbali, na mtoto kungoja wakati sikio likiendelea kukua.

Katika shule za bweni, kazi ya jioni humwangukia mlezi wa bweni, naye ndiye anayesahaulika kwenye mafunzo. Makopo yenye majina ya watoto yakae kwake, pamoja na chaja. Asubuhi mwalimu afanye jaribio lililobuniwa na Daniel Ling, aliyefundisha Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal: akiwa nyuma ya mtoto, au amefunika mdomo, atamke m, u, i, a, sh, s, moja baada ya nyingine, na mtoto aonyeshe kila anaposikia. Sauti hizi sita zinagusa upana wote wa usemi, nazo zimo katika Kiswahili. Mtoto aliyezisikia zote jana na leo akakosa s na sh huenda ana kifaa kinachoanza kuziba, na akikosa zote tazama mrija kwanza.

Na nyumbani, ratiba ya mwaka ya wenyeji iingie katika maelekezo. Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, vijana wa Kibukusu hutahiriwa Bungoma na Trans Nzoia. Kijana hucheza siku nzima na njuga za chinyimba, na alfajiri hupelekwa mtoni kupakwa matope. Kijana mwenye kifaa cha kusikia ana haki ya kuzisikia nyimbo za ukoo wake mpaka usiku, na kabla ya mto mjomba au kaka achaguliwe mapema kukivua, kukizima na kukitia kwenye kopo. Siku za kupona ndizo za mafunzo ya utu uzima, na kifaa lazima kiwe hai ili ayasikie.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu kuwafundisha watu wasio wataalamu kutoa sehemu ya huduma za vifaa vya kusikia katika nchi zenye wataalamu wachache. Kubadilisha mrija, kusafisha vibati vya chaja, kubadilisha kichujio cha nta, kuitazama rangi ya silika: hizi ni kazi ambazo mwalimu wa kituo cha tathmini, muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuzimudu. Safari ya Eldoret, karibu kilomita 70 kutoka Kitale, ibaki kwa upimaji, urekebishaji wa sauti na kalibu mpya. Kaunti zote mbili zinaponunua vifaa, zabuni itaje kwa kila boksi kopo la kukaushia lenye silika ya rangi, kipulizio, mirija ya akiba yenye ukuta mnene, na maelezo ya Kiswahili yanayoanza na kukausha.